Juisi ya Zambarau ya Mama Nyatichi

Wasabato wote wa Kosele walijua kwamba juisi ya Meza ya Bwana hutoka jikoni kwa Bosibori, yule Mkisii anayeuza nguo sokoni, ambaye watu humwita Mama Nyatichi. Zabibu hazipatikani huko, basi yeye hutumia zambarau. Huziosha, huziponda kwa mkono hadi vidole vinabaki vyeusi wiki nzima, huchuja kwa kitambaa cheupe, kisha huchemsha mpaka itokote. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kukosea, na hakumpa mtu nafasi ya kulisahau hilo.

Juisi hiyo hiyo aliwagawia wagonjwa: mama aliyetoka kujifungua apate damu, mwenye tumbo la kuendesha, mzee mwenye sukari. Mgonjwa wake wa kujivunia alikuwa Elkanah, fundi wa baiskeli. Alipoacha pombe ya busaa, miaka mitatu iliyopita, mikono ikitetemeka na chakula hakikai tumboni, Bosibori alimpelekea kikombe kimoja kila jioni mpaka akapata nguvu. Mkewe, Pamela, husema mume wake alirudishwa na zambarau. Bosibori husema ni Mungu, lakini kwa sauti ya mtu anayengoja kubishiwa.

Safari hii alijitia ujuaji. Kuna mtu sokoni alimwambia kwamba moto unaua dawa iliyo ndani ya tunda, naye akaona heri juisi ya Bwana ibaki na nguvu zake zote. Akaipasha tu ikawa vuguvugu, akatia sukari, akaifunga kwenye mtungi siku ya Jumanne, kwa sababu alikuwa na safari ya Isebania kuchukua mzigo. Siku nne, na joto lile. Asubuhi ya Sabato alipofungua kifuniko, mtungi ulitoa pumzi. Akaonja. Ikamchoma ulimi.

Alijua. Mtu aliyekulia kwenye nyumba inayopika pombe, kama yeye, hadanganyiki. Angeimwaga na kumpigia simu Onchiri, mzee wa kanisa, ibada ikasogezwa wiki moja, na hakuna ambaye angekufa. Lakini alishaanza kusikia watakavyosema: Mama Nyatichi amelipikia kanisa pombe. Akaongeza sukari, akaonja tena, akajiambia ni uchachu wa zambarau tu.

Kabla ya kikombe, Wasabato huoshana miguu, wanawake upande wao, wanaume upande wao, na mwenye neno na mwenzake hulisema hapo. Bosibori alipangwa na Pamela. Pamela akamwambia hana neno naye ila shukrani. Bosibori akamkausha miguu kwa taulo, akajibu kwamba hata yeye hana neno. Aliona aibu ikimpanda shingoni hadi masikioni, akachukua beseni akaenda kumwaga maji.

Vikombe vilipopitishwa, Onchiri alilamba midomo na kusema mwaka huu zambarau zimekolea. Bosibori, mbele kabisa na kilemba chake cheupe cha ushemasi, alikuwa ameinamia sakafu. Alipoinua macho, sinia ilikuwa imeshampita Elkanah, na kikombe chake kilikuwa kimerudi kimejaa. Kanisa zima liliona. Anayekataa kikombe ana dhambi anayoificha, ndivyo wanavyojua wao, na kwa Elkanah hakuna aliyehitaji kuambiwa ni dhambi gani.

Ibada ilipoisha, Bosibori alikwenda nyuma ya kanisa kumwaga iliyobaki, kama inavyofanywa. Elkanah akamfuata huko. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Mama, hiyo imekuwa pombe," akasema kwa sauti ya chini. "Harufu yake naijua. Lakini mimi sitasema. Wacha waseme nimerudi nyuma, hiyo wamezoea. Wewe wakikutoa, nani atatutengenezea meza?"

Bosibori alitamani ardhi ipasuke immeze. Amemwekea mtu mtego, na mtu huyo huyo ndiye anayemfunika.

Alasiri wazee walimwita Elkanah na mkewe wajieleze. Bosibori aliingia bila kuitwa, akasema kabla hajaombwa kuketi.

"Juisi ilichacha. Nilijua tangu asubuhi. Elkanah alikataa pombe, ni sisi wengine tuliokunywa."

Wazee wakatazamana. Onchiri akajifuta mdomo, ingawa alikuwa amechelewa sana. Bosibori alikuwa amejiandaa kukemewa, kuvuliwa ushemasi, hata kuchekwa. Hakuwa amejiandaa kwa Pamela, ambaye alisimama polepole, na hakumtazama mtu.

"Alirudisha kikombe kwa sinia mara ya kwanza, hiyo mliiona," Pamela akasema. "Mlipoinama kuomba, mimi ndiye nilikichukua tena nikamwekea mdomoni. Nilimwambia anywe, asiniaibishe mbele ya watu. Akanywa."