Alama za Vema za Asubuhi

Katika tawi zima la benki hapakuwa na dirisha lililopendwa kama dirisha la tatu. Karani aliyekaa pale miaka kumi na tisa alitazamwa na wenzake kwa kijicho, kwani foleni zao zilisinzia na ya kwake ilikwenda. Wateja walimbatiza Chapuchapu, naye jina hilo alilivaa kama mkufu wa dhahabu.

Siri ya wepesi wake hakumwambia mtu. Benki ilikuwa na fomu ya maswali matano, ya kumuuliza kila mteja anayehamisha fedha nyingi, ili matapeli wasimlize. Karani asome swali, mteja ajibu, karani atie alama ya vema kuonyesha kwamba ameuliza na kuonya, kisha mteja atie sahihi. Chapuchapu aliona huo ni usumbufu. Kila asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, alikaa na kikombe chake cha chai akatia alama kwenye fomu thelathini. Mteja akija, ilibaki sahihi tu.

Ndivyo alivyomhudumia fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima anayeshona sare za shule. Alifika futi ya kupimia ingali shingoni.

"Mbona unahema hivyo, mama?"

"Nina haraka, mwanangu."

"Basi umefika kwa mwenyewe! Saini hapa. Na hapa. Tayari."

Fundi alitia sahihi huku akichungulia simu yake kila mara. Chapuchapu aliliona hilo. Aliliona vizuri, akaita anayefuata.

Wiki iliyofuata fundi alirudi, macho yamemvimba. Mtu aliyejiita ofisa usalama wa benki alikuwa amempigia simu, akamwambia akaunti yake imeingiliwa na wezi, akimbie kuhamishia akiba yake kwenye akaunti salama. Miaka kumi na mmoja ya kushona, yote imekwenda na maji.

Kanuni ya benki ilikuwa wazi: aliyetapeliwa hurudishiwa fedha zake, isipokuwa kama alionywa akapuuza. Meneja aliitoa ile fomu.

"Mama, sahihi hii ni yako?"

"Yangu."

"Swali la tatu: kuna mtu amekupigia simu akakuambia uhamishe fedha hizi? Alama ipo. Uliulizwa."

"Sikuulizwa, baba."

"Alama ipo, mama."

Fundi alimgeukia Chapuchapu, aliyeitwa kuwa shahidi. "Mwanangu, uliniuliza?"

"Fomu inajieleza, mama."

"Fomu haina mdomo. Nimekuuliza wewe."

Meneja akakohoa, akasema uamuzi utatolewa Ijumaa.

Nyumbani chakula hakikupita. "Leo Chapuchapu unakula kama gari lililoishiwa mafuta," mumewe alimtania. Alipokwisha kusimuliwa, utani ukamwisha. "Ulichukua hata senti yake?"

"Sikuchukua."

"Basi mwizi ni tapeli. Gunia la mwenzio unajitwika la nini? Nyamaza, mke wangu. Tuna watoto shuleni."

Hayo ni maneno ya mtu anayependa nyumba yake, lakini si maneno ya haki. Mwizi ana dhambi yake, na mlinzi aliyelala ana yake. Moja haifuti nyingine. Chapuchapu alilijua hilo, ndiyo maana alikubali kwa kichwa lakini akaisukuma sahani kando.

Alhamisi asubuhi alikaa na chai yake. Alikuwa ameshafika fomu ya saba ndipo alipogundua mkono wake unafanya nini. Hata baada ya yote yale, mkono ulikuwa unaendelea wenyewe! Akaziona alama zile, wino haujakauka, na kiti cha mteja ng'ambo ya kioo kitupu. Alizikusanya akaingia nazo kwa meneja.

"Tazama. Mlango haujafunguliwa, na watu nimeshawauliza."

Meneja alizitazama, akainuka kufunga mlango. "Zichane," alinong'ona. "Nami sijaona kitu. Unajua ni madai mangapi tumeyakataa kwa fomu za dirisha lako?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Usiku kucha alikuwa amemlilia fundi mmoja. "Mangapi?" aliuliza.

"Kumi na manne."

Alikaa bila kukaribishwa. "Nipe karatasi," alisema. "Niandike maelezo yangu yote, na jina langu chini."

Fundi alirudishiwa fedha zake baada ya wiki sita. Hakwenda kumshukuru karani, wala haikumpasa. Walipokutana mlangoni alisema tu, "Ungeniuliza, ningekuambia. Kumdanganya mtu usoni mimi siwezi." Akaenda zake.

Chapuchapu aliondolewa dirishani na kukatwa mshahara. Alipewa meza katika chumba cha majalada, simu moja, na orodha ya wale wateja kumi na wanne waliokataliwa madai yao. Anapiga namba ya kwanza, anajitambulisha, na kabla ya mtu kumtukana, anasoma polepole:

"Siku ile, kuna mtu alikupigia simu akakuambia uhamishe fedha?"

Kisha anangoja jibu.