Maswali Manne ya Mwalimu Pyo

Mwalimu Pyo Jung-ho alifundisha falsafa shuleni hapa Beolgyo, mji wetu wa pwani, miaka thelathini na miwili. Kila Jumapili alimpeleka mkewe kanisani kwa baiskeli, kisha akabaki nje ya lango akisoma kitabu, iwe theluji iwe jua. Nikipita na beseni langu la tofu, ile jibini ya soya ninayouza, alinichokoza: "Agata, leo umeleta uthibitisho kwamba Mungu yupo, au tofu tu?"

"Tofu unaila bila uthibitisho, mbona?"

Herufi nimejifunza ukubwani, lakini kwa mdomo hakunishinda.

Mkewe akafa, akazikwa kwenye makaburi ya parokia, ambako asiyebatizwa hazikwi. Mwaka wa nne baada ya hapo mapafu ya mwalimu nayo yakachoka. Asubuhi moja bintiye Seon-ok akanijia mbio, miguu peku: baba anataka kubatizwa, na padre yuko kisiwani, feri hairudi hadi jioni.

Mtu akiwa anakufa, Mkristo yeyote anaruhusiwa kumbatiza. Ila kwetu lazima kwanza amuulize mambo manne, na mgonjwa ayakubali yote. Hayo nayajua kwa kichwa.

Nilimkuta midomo imegeuka buluu.

"Wewe unataka kuzikwa kando ya mkeo tu," nikamwambia. "Kaburi si imani."

"Nataka, ndiyo. Sikudanganyi. Uliza."

"Unasadiki Mungu yupo?"

Akafumba macho. "Hoja zake nimezisoma zote. Kila moja ina tundu."

"Bibi, mmwagie tu!" Seon-ok akalia. "Pumzi inakatika!"

"Simmwagii ambaye hajasema ndiyo. Hata angekuwa baba yangu mimi."

Mwalimu akacheka, kicheko kikawa kikohozi. "Mwache, ana haki. Agata, wewe hujawahi kuona shaka?"

Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Lakini muda ulikuwa unakwisha. "Mwanangu alipozama sikuamini kitu. Kanisani nilikwenda kumgombeza Mungu tu, miezi saba. Halafu nikajiuliza, namgombeza nani?"

"Hiyo si hoja. Mimi namgombeza mke wangu kila asubuhi."

"Naye hayupo?"

Nikahesabu pumzi zake: tano, sita. Ya saba ikachelewa hadi Seon-ok akanishika mkono.

"Yupo," akasema. "Kuthibitisha siwezi, ila yupo. Uliza tena."

Nikauliza.

"Nasadiki. Tundu liache lilivyo."

"Mungu mmoja, nafsi tatu?"

"Wewe unalielewa hilo?"

"Wala."

"Basi tuko darasa moja. Nasadiki."

La tatu, kwamba Mwana alijifanya mtu akafa kwa ajili yetu, alilikubali bila ubishi. Hapo nikaogopa, Pyo asiyebisha amefika mwisho. Nikaliwahi la nne, kwamba Mungu huwalipa wema mema na wabaya mabaya. Akafungua mdomo, sauti haikutoka. Kichwa kikashuka.

Amekubali, au shingo imechoka? Bakuli la maji lilikuwa mkononi. Nikimmwagia naye hakukubali, nimemdhulumu mtu aliyekataa kusema uongo hata akifa. Nisipommwagia naye amekubali, nimemfungia mlango mwenyewe. Seon-ok alinitazama tu.

Nikamwaga mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Maji yakapita masikioni mwake. Hakufumbua macho tena.

Jioni padre akaniuliza kama mgonjwa alikubali yote manne.

"Matatu kwa mdomo," nikamjibu. "La nne kichwa kilishuka. Mimi nimekiita ndiyo, na nikiulizwa huko mbele nitajibu mwenyewe."

Padre akaguna, akaenda kuwaonyesha wachimba kaburi pa kuchimba, ubavuni mwa mke wa mwalimu.