Mama Alidhani Mdogo Wangu Amepooza

Miaka ile ya shida, sabuni ilipokuwa ikigawiwa kama dawa, baba yangu aliomba simu katika nyumba hii ninayokaa sasa akaingoja mpaka mvi zikamwota. Iliyomfikia ilitoa mlio wa karanga zinazokaangwa. Baadaye soko likafunguliwa, shirika la simu likapata wenyewe wapya, ofisi yao hapa Same ikapakwa rangi, na bango likatuahidi intaneti ya kasi majumbani. Kasi hiyo ingepita kwenye waya uleule wa baba, juu ya nguzo zilezile. Kilichobadilika ni kwamba sasa tuliitwa wateja wapendwa.

Nilijiunga kwa ajili ya mama. Mdogo wangu, aliyekuwa muuguzi kwetu Gonja, alikwenda ng'ambo kutunza wazee wa watu, na mama akashuka kutoka milimani kuja kukaa kwangu ili apate kumwona kwenye kompyuta. Mdogo wangu alipata nafasi ya kupiga alasiri tu, kwa saa za kwetu, na alasiri ndipo laini ilipoharibika. Sauti ilikatika vipande. Uso wake uliganda kwenye kioo, jicho moja limefumba, mdomo umekwenda upande.

Mama aliutazama uso ule, akavua miwani.

"Mwanangu amepooza."

"Hapana mama, ni mtandao."

"Usinifundishe. Nimeuona mdomo."

Jumapili aliwaambia wanawake wenzake kanisani, nao wakajaa sebuleni kwangu kumwombea mgonjwa. Walinitazama kama mtu anayeficha msiba.

Nikapiga simu kwa kampuni. Binti mwenye sauti ya sukari akaniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Nikamwambia nimejaribu. "Jaribu tena, mpendwa mteja." Nikaenda ofisini mwenyewe. Meneja, mwanamume wa tai nyekundu, hakuinua macho.

"Mama, kompyuta yako ina virusi."

"Umeiona wapi?"

Hapo akainua macho. Alipoona sina mpango wa kuondoka, akasema basi labda ni milima. Milima! Kana kwamba milima ya Upare ilikuja Same wiki iliyopita kwa basi la Hedaru na kumziba njia.

Nilirudi nyumbani na hasira, nikaanza kutafuta mwenyewe. Mambo yaendayo kwenye intaneti yanakatwakatwa vipande vidogo, paketi, na kila paketi inasafiri peke yake. Zikipotea njiani, ndugu yako anageuka kigugumizi. Nikaiagiza kompyuta iuite mtambo wa kampuni mfululizo na kunionyesha kila mara mtambo usipoitika. Asubuhi uliitika vizuri. Baada ya chakula cha mchana miito ikaanza kupotea, kwanza mmojammoja, kisha kwa mkumbo.

Nikachomoa simu ya mezani. Hali ikabaki ileile. Nikaung'oa waya wote uliozunguka ndani ya nyumba, nikaichomeka modemu, kile kisanduku cha intaneti, palepale dirishani laini inapoingilia. Bado. Nikaazima modemu ya jirani, nayo ikafanya vilevile. Hapakuwa na virusi, na nyumba yangu haikuwa na kosa. Ubovu ulikuwa nje, kwenye mali ya kampuni.

Nilipokuwa nimesimama pale dirishani, upepo wa Same ukaanza kuvuma na vumbi lake, kama kila alasiri. Waya uliotoka kwenye nguzo ukayumba. Taa ya modemu ikazimika. Upepo ukatulia, taa ikarudi. Nikatoka nje nikaufuata waya kwa macho hadi juu ya ua wa minyaa, na hapo nikaona fundo la kuungia waya limeviringishiwa mfuko wa plastiki mweusi, ule wa kubebea nyanya. Hiyo ndiyo kasi ya bango.

Safari hii sikumwachia meneja nafasi ya kunieleza kitu. Nilikaa kwenye kiti chake cha wageni mpaka akaniagizia fundi. Fundi aliyefika nyumbani alikuwa mtu wa makamo, kibarua wa mkandarasi aliyepewa na kampuni kazi ya nguzo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Panda ukaone."

Alipanda, akaufungua ule mfuko, akaanza kucheka peke yake huko juu.

"Unacheka nini?"

"Hii nilifunga mimi, mama. Waliniambia nifunge kwa muda, vifaa vinakuja."

"Vimekuja?"

"Hata leo nimekuja na mfuko."

Nilitaka kumtukana, nikashindwa, kwa sababu yeye angalau alisema kweli. Nikampeleka dukani kwa fundi wa umeme, tukapata kiungio cha maana, akaunga upya. Alasiri ile upepo ulivuma mpaka mabati yakalia, na taa haikupepesa.

Mdogo wangu akatokea kwenye kioo, mzima, amenenepa. Mama hakumwamini. Akamwamuru kwa Kipare awataje ndugu zake wote, tangu kifunguamimba hadi kitindamimba, huku yeye akiuchunguza mdomo. Mdogo wangu akataja, akicheka.

"Kumbe mzima," mama akasema. "Basi mbona hurudi?"

Uso wa mdogo wangu ukaganda kwenye kioo. Nikageuka haraka kuitazama modemu. Taa ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

"Huku kuna baridi sana siku hizi, mama," mdogo wangu akasema.

Mama akavaa miwani, akainuka kwenda kutazama maharage jikoni. Kesho yake alisema jibu amelisikia, sasa anataka kurudi kwake Gonja.