Mursik Haihesabiwi Chakula

Ukitaka kumuudhi Wilkista, mwambie kwamba mwanamke wa Kibukusu hawezi kutengeneza mursik, maziwa ya kuchachusha ya Wakalenjin. Wako waliojaribu, wakajuta. Aliolewa kutoka Misikhu akaletwa Kitale kwa Kimeli, na siku aliyofika, mama mkwe alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akauliza mbele ya watu kama huyu msichana aliyelelewa kwa mboga ya mrenda atajua hata kushika chuchu ya ng'ombe. Wilkista alijifunza kuchoma vijiti, kusugua makaa ndani ya kibuyu mpaka kikanukia, kumimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa, na kungoja siku zipite bila kuchungulia chungulia. Mama mkwe alipoonja mara ya kwanza, alimaliza kikombe. Mara ya pili akaomba aongezewe. Mpaka anazikwa, yule mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba hakuna mtu katika ukoo mzima aliyemfikia Wilkista kwa kibuyu.

Kwa hiyo nisisikie mtu akisema alifanya kusudi. Nitamtoa hapa mbio.

Mumewe Kimeli alikuwa fundi wa miche. Kitalu chake kilikuwa kando ya barabara, na watu walitoka hadi Bokoli kuja kumnunulia parachichi. Alichonga kikonyo, kitawi cha mti wa kisasa, kwa wembe, akakichomeka kwenye shina la kienyeji, akafunga kwa utepe wa nailoni, akahamia mche wa pili wewe ukiwa bado unatafuta miwani. Mikono ile! Wilkista alipenda kumtazama akifanya kazi, ingawa hakumwambia, maana angevimba kichwa.

Kisha kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kucheza chenyewe, kana kwamba kinasokota uzi. Mkono ukafuata. Majirani wakasema ni pombe ya chang'aa, na Kimeli hajawahi hata kuinusa. Wengine wakasema kuna mtu kamtupia kitu kwa ajili ya kile kitalu. Kanisani wakamwekea mikono, mkono wake ukaendelea kutetemeka chini ya mikono yao. Hatimaye daktari mmoja pale Kitale akasema huu ni ugonjwa wa Pakinsoni, unatoka ubongoni, haumalizi mtu haraka lakini pia hauponi. Akaandika dawa. Akasisitiza imezwe nusu saa kabla ya chakula, na Wilkista akaitikia kama mtoto wa shule.

Na alifuata, Mungu anajua. Wakati wa dawa ulipofika alimnyanyua Kimeli, akamweka kiti, akamwekea kidonge ulimini, akampa kikombe cha mursik akitelemshie. Chakula alikiweka mbali mpaka nusu saa ipite. Kwani mursik ni chakula? Chakula ni ugali na kitu chake. Mursik ni ya kunywa, na ukipita boma yoyote upande huu ukauliza, utajibiwa hivyo hivyo. Tena, mwenye boma humpi maji matupu kama mtu aliyeko rumande. Hakuna aliyemuuliza Wilkista dawa inatelemshwa na nini, naye hakuona la kuuliza.

Mwanzoni dawa ilisaidia kidogo, halafu ikawa leo inashika, kesho haishiki. Daktari akaongeza. Kimeli akaanza kugandia mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, kama aliyesahau alichofuata. Uso wake ukakauka, hata akifurahi hujui. Sauti ikashuka mpaka ukitaka kumsikia uiname. Choo nacho kikawa shida ya juma zima. Wilkista alipoona anazidi kudhoofika, akafanya jambo ambalo mke yeyote mwenye mapenzi angefanya: akaongeza mursik.

Binti yao Judy, anayefundisha shule ya msingi Bungoma, ndiye aliyesema basi, mleteni huku aangaliwe na macho mengine. Wakaenda. Baada ya daktari, wakapelekwa kwa dada mmoja wa mambo ya lishe, anaitwa Agneta, mtu mpole anayekutazama usoni unapoongea.

"Mama, dawa anameza saa ngapi?"

"Nusu saa kabla ya chakula. Siruki hata siku moja."

"Vizuri sana. Na anateremsha na nini?"

"Na mursik," akasema Wilkista, na kifua kikamjaa. "Natengeneza mimi mwenyewe."

Agneta akaweka kalamu chini. Akauliza polepole, "Kila mara?"

"Kila mara. Kikombe tu, si nyingi."

"Mama, maziwa yana protini, hata yakiwa mursik. Hii dawa na protini zinapitia mlango mmoja kutoka tumboni. Zikifika pamoja zinasukumana, na dawa inaachwa nje. Mzee amekuwa akimeza, ndiyo, lakini sehemu kubwa haifiki inakotakiwa."

Wilkista angeomba afokewe, aambiwe mjinga wewe, atoke pale akiwa na hasira ya kumsaidia kutembea. Lakini yule dada hakufoka. Alieleza tu, taratibu. Dawa kwa maji. Mchana mzee ale vya shambani: viazi vitamu, ndizi za kuchemsha, malenge, sukuma, papai, uji mwepesi wa wimbi. Mrenda pia, utamfungua tumbo, na maji ya kutosha. Maziwa, maharagwe, mayai na nyama vingoje jioni, wakati hana kazi ya kufanya na mwili wake. Asivinyimwe, maana ataisha nguvu.

"Lakini tusidanganyane, mama," akamaliza Agneta. "Chakula hakitamponya. Mtu akikuletea unga wa majani ati unaponya Pakinsoni, mfukuze. Tunachofanya hapa ni kuipa dawa nafasi yake."

Walipotoka nje Wilkista akakaa kwenye benchi la wagonjwa akalia, bila kujali nani anapita. Miaka yote ile! Kikombe kwa kikombe, kwa mikono yake. Kimeli akamgeukia na ule uso wake usiosema kitu.

"Mama Judy, unalia nini?" akanong'ona. "Mursik ilikuwa tamu."

Ndipo akalia zaidi.

Wakabadilisha. Asubuhi kiazi na papai, mchana ndizi na mrenda, maziwa jioni. Kimeli alilalamika kwamba ameolewa yeye sasa, analishwa kama bibi arusi wa Misikhu. "Rakini unatembea," akamjibu Wilkista, na Kimeli akamcheka, maana miaka yote Kitale haikumtoa ile r mdomoni. Na kweli alikuwa anatembea. Si kama zamani, nani kakudanganya, lakini alivuka mlango bila kuvutwa. Tumbo likafunguka. Siku moja alikwenda mwenyewe hadi kitaluni, akachonga kikonyo, akakichomeka, akafunga utepe. Alichukua muda mrefu na utepe ulikaa vibaya, lakini mche ule ukashika. Wilkista alikwenda nyuma ya banda akamshukuru Mungu kwa sauti.

Lakini kuna jambo hakulifanya. Hakumwambia mtu kosa lilikuwa nini. Angeanzia wapi? Ile mursik iliyomfanya awe mtu katika ukoo ule, ile ile ndiyo iliyokuwa ikimfunga mume wake miguu? Angepaita wapi nyumbani siku maneno hayo yakitoka? Aibu ikamziba mdomo. Walipomuuliza kwa nini Kimeli hagusi kibuyu mchana, alisema daktari ameagiza apumzishe tumbo.

Dada yake Kimeli, Chelangat, hakuyakubali maneno hayo. "Tumbo la Mkalenjin linapumzishwa kwa kunyimwa maziwa? Hiyo nimeisikia kwako tu."

"Ni kwa muda tu, dada."

"Haya. Boma ni yako."

Basi Judy akachumbiwa, na siku ya koito ikapangwa, siku watu wa mwanamume wanapokuja nyumbani kwa msichana kumwomba rasmi. Mazungumzo yakiisha vizuri, baba mwenyewe husimama, hushika kibuyu, hutamka baraka, na watu huitikia kila neno. Kimeli alitaka hilo tu. Alimwambia Wilkista waziwazi: nisimame na miguu yangu, mtoto wangu asikie sauti yangu, halafu ugonjwa ufanye unavyotaka. Alfajiri alikuwa akienda kitaluni kujizoeza. Wilkista alimsikia akiibariki ile miche ya parachichi, akirudia mpaka pumzi imkatike, naye akajifanya hasikii.

Siku ikafika. Wageni walikuwa wanatoka upande wa Mlima Elgon, na kama ilivyo kawaida ya wageni wa namna hiyo, wakachelewa. Wilkista alikuwa amepiga hesabu zake vizuri: Kimeli ale viazi vyake asubuhi, kidonge akimeze kwa maji wageni wakikaribia, wakimaliza kuzungumza dawa iwe imeshika. Kidonge kikawekwa kwenye sahani karibu na kiti chake, na gilasi ya maji. Simu ikalia, wageni wako njia panda. Papo hapo jikoni wanawake wakaanza kupiga kelele kwamba wali umeungua chini.

"Dada, tafadhali mpe dawa yake," Wilkista akamwambia Chelangat, akakimbia kuokoa sufuria.

Chelangat akakitazama kidonge. Akaitazama gilasi ya maji. Uani vibuyu vilikuwa vimejipanga tayari kwa wageni, na ndugu yake, mwenye boma, siku ya binti yake, ameketi na maji na maganda ya viazi vitamu. Roho ikamuuma. Akachukua kibuyu kizuri kuliko vyote, akamimina kikombe kikajaa mpaka juu, akampa na dawa, halafu akamwongezea kingine.

Wako wanaosema Kimeli alikataa, ila sauti yake haikusikika. Mimi sisemi hivyo. Nasema alitazama mlangoni, hakumwona mkewe, akanywa kwa sababu alikuwa ameitamani, na kwa sababu mkono uliompa ulikuwa wa dada yake. Nani hapa angemwaga?

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Watu walicheka, wakataniana. Mwisho msemaji akaita, "Sasa tumsikie baba!" Judy akainua uso, amependeza mpaka inauma. Kimeli akashika mikono ya kiti. Wilkista aliona vidole vikikaza, akaona bega likijaribu kwenda mbele. Mumewe hakuinuka. Akajaribu tena. Miguu ilikuwa pale kama imesimikwa kwa saruji, mkono ukaanza kuruka juu ya paja, na uso umeganda, macho hayapepesi, mbele ya wakwe wote.

Mzee mmoja wa upande wa pili akamwinamia mwenzake, akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Huyu baba hajatupenda."

"Anaumwa!" akasema Wilkista. "Si hasira, anaumwa!" Alipiga magoti mbele ya mumewe ili amsaidie, na hapo ndipo akauona mstari mweupe juu ya mdomo, na kijivu cha makaa ndani yake. Aliujua ule ukijivu. Ulikuwa wake.

Akageuka. Chelangat alikuwa amesimama nyuma ya kiti, hofu imemshika bila kujua ya nini. "Nilimpa kidogo tu, Mama Judy," akasema. "Mursik kidogo tu, na dawa yake. Apate nguvu."

Hasira iliyompanda Wilkista ilikuwa ya kubomoa nyumba. Lakini angemwambia nini Chelangat? Kwamba hakujua? Nani alimwambia ajue? Akachukua ncha ya leso, akampangusa Kimeli mdomo.

Mdogo wake Kimeli, Kipngeno, akasimama akatoa baraka badala yake, haraka haraka, akiruka mengine. Watu wakaitikia kwa adabu. Wakala, wakaaga mapema kuliko ilivyopangwa, na wale wazee wa mlimani wakampa Kimeli mkono bila kumtazama usoni. Judy alikuwa na darasa kesho yake, akaondoka na gari lililoelekea Bungoma. Alimkumbatia baba yake kwa muda mrefu. Machozi yake yalilowesha kola ya baba, na baba hakuweza kuinua mkono kumpangusa.

Jua lilikuwa limeinama na viti vya plastiki vinapangwa kimoja juu ya kingine, wakati Wilkista alipokuwa akimweleza Chelangat yote, mlango, protini, vikombe vya miaka mingi. Hakujificha tena. Chelangat alisikiliza akiwa amejishika kichwa. "Kwa nini hukuniambia?" aliuliza. "Mimi ningekuhukumu, au ningekusaidia?"

Nyuma yao kiti kililia. Kimeli alikuwa amesimama. Kidonge kilikuwa kimefika mwishowe, kimechelewa kama wageni. Alivuka uwanja bila kushikwa, akachukua kibuyu kitupu mezani, akageukia mahali ambapo wakwe walikuwa wameketi, na kuanza. Sauti ilitoka wazi. Judy uwe na watoto. Judy uwe na mvua. Nyumba yako isikose moto.

Wilkista akapiga simu ya Judy. Mteja hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Hapatikani.

Kimeli hakungoja. Alikuwa akitamka neno, ananyamaza ili watu waitikie, na uwanja ukawa haujibu. Basi Wilkista akaweka simu chini, akaenda kusimama kando ya Chelangat, na wakaitikia wao wawili, neno kwa neno, mpaka akamaliza.