Maji ya Kunywa kwa Jirani

Nyumba ya wazazi wangu ilikuwa juu kilimani Mabatini, hapa Mwanza, mahali ambapo mawe yalitangulia na watu wakafuata. Baba hakuwa na uwezo wa kulipasua jiwe lililokuwa katikati ya kiwanja, kwa hiyo alijenga akilizunguka, na sehemu yake moja ikabaki ndani, kwenye kona ya jiko. Mama aliweka mtungi wa maji juu yake, kwa sababu jiwe lile lilikuwa la baridi hata jua la mchana likiwa kali. Sisi tuliokulia pale tulidhani kila jiko lina jiwe lake. Nilipoenda shule ya bweni ndipo nilipojua kwamba majiko ya watu wengine yana kona tupu.

Shida ya nyumba ile ilikuwa ngazi. Hakuna gari lililowahi kufika mlangoni kwetu. Kutoka barabarani unapanda ngazi ambazo kila mwenye nyumba alitengeneza kipande chake anavyojua: huyu kamimina zege, yule kapanga mawe, mwingine kalaza tairi na kulijaza udongo. Mama alizipanda miaka yote, ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Kisha, baba akiwa ameshafariki, magoti yakagoma. Mwanzoni alishuka kwa kushika kuta za majirani. Baadaye akawa hashuki bila mkono wa mtu. Akaacha kwenda sokoni, halafu akaacha kwenda jumuiya, zile sala za nyumba kwa nyumba za waumini wa mtaa mmoja. Ikawa jumuiya ndiyo inayompandia yeye.

"Mimi sasa ni kama tenki la maji," aliniambia. "Nimewekwa juu, watu wanakuja na kuondoka."

Alicheka, lakini macho yake yalikuwa kule chini barabarani.

Kaka yangu mkubwa anaishi Dodoma. Alipiga simu mwisho wa kiangazi akasema lililokuwa moyoni mwake. Mvua za vuli zikianza, ngazi zile zinakuwa utelezi mtupu. Kabla hazijaanza, mama awe amepata nyumba mahali tambarare. La sivyo atakuja kumchukua akaishi naye. Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameshapaka rangi chumba cha mama, ameshanunua na godoro. Mama alisikiliza simu ikiwa kwenye spika, huku akichambua dagaa kwenye ungo.

"Dodoma kuna ziwa?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Kuna bwawa."

"Bwawa," alirudia, akachukua dagaa mmoja, akamtazama, akamrudisha kwenye ungo.

Baada ya simu aliendelea kuchambua dagaa mpaka wakaisha. Mama alizaliwa kando ya ziwa upande wa Mara, akaolewa akahamia Mwanza, na hajawahi kulala mahali asipoweza kuliona ziwa akitoka nje asubuhi. Aliniambia neno moja tu: "Nitafutie."

Nyumba ya Mabatini ilipata mnunuzi haraka. Jirani wa chini, mwenye duka la madaftari, aliitaka kwa ajili ya wapangaji, na alituambia tusiwe na pupa, tuhame tutakapopata. Kazi ilibaki kununua. Nilimpata dalali mmoja mchangamfu, mwenye simu mbili zilizokuwa zikipokezana kuita, na ni yeye aliyenifundisha wanunuzi wa sasa wanataka nini.

Zamani, alisema, mtu aliuliza nyumba ina vyumba vingapi na bati ni la mwaka gani. Siku hizi swali la kwanza ni kama gari linaingia ndani ya geti na kugeuka. La pili ni masta, yaani chumba chenye choo na bafu lake. Wengine hawataki masta moja, wanataka kila chumba kiwe masta. Kisha wanatazama chini, kama kuna tailizi, na juu, kama kuna dari ya jipsamu yenye taa zilizofichwa. Jiko liwe ndani, liungane na sebule, lenye makabati ya ukutani. Dirisha liwe la alumini, la kusukuma. Fensi iwe ndefu. Ua usiwe na udongo hata kidogo, utandazwe vitofali.

"Na jirani?" mama aliuliza. Alikuwa amekaa kiti cha mbele cha gari nililoazima, fimbo katikati ya magoti.

Dalali alimtazama kwenye kioo. "Jirani vipi, mama?"

"Nauliza tu. Hawaulizi jirani ni nani?"

"Mama yangu, fensi ikiwa ndefu, jirani hana shida na wewe wala wewe huna shida naye."

Nilivyomsikiliza siku ile niliona kwamba karibu kila kitu alichokitaja kilimsaidia mtu asitoke nje.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Kisesa, nje ya mji, mbali kidogo na barabara kuu, na ilikuwa na yote aliyoyasema. Sitajifanya kwamba haikunivutia. Sebule iling'aa, mama akavua viatu mlangoni bila kuambiwa na akatembea akishika ukuta kwa sababu ya ule mng'ao. Alifungua kabati la jikoni, akalifunga, akalifungua tena kusikia lilivyo laini. Aliwasha taa kwa swichi iliyo pembeni ya mahali kitanda kingekaa, akaizima, akaiwasha. Kisha akaingia chooni na kufunga mlango. Tulisubiri. Dalali alianza kunitazama.

"Mwanangu!" mama aliita. "Njoo uone."

Nilifungua. Alikuwa amekaa juu ya choo cha kukaa, kifuniko kikiwa kimefungwa, nguo zake zote mwilini, mkono mmoja ukiwa juu ya beseni la kunawia.

"Angalia," alisema. Akainama mbele kidogo, akajisukuma, akasimama. Hakuna aliyemshika. Akakaa tena, akasimama tena, uso umemchangamka kama msichana anayeonyesha hatua mpya ya ngoma. "Umeona? Nimeinuka mwenyewe."

Pale Mabatini choo kilikuwa nje, cha kuchuchumaa, na kila asubuhi alihitaji mtoto wa jirani aje kumvuta. Sikuwahi kufikiri jambo hilo lilimuumiza kiasi gani. Nilijua nyumba tumeipata.

Lakini mama alivaa viatu, akashika fimbo, akamwambia dalali afungue geti. Akaenda pole pole hadi geti la nyumba ya pili na kugonga. Mbwa alibweka. Akagonga tena. Kidirisha kidogo kikafunguliwa, tukaona macho ya mwanamke.

"Unamtaka nani?"

"Simtaki mtu, mama. Naomba maji ya kunywa."

Macho yalimtazama mama, yakanitazama mimi, yakalitazama gari. "Duka lile pale kona, wanauza maji ya chupa. Ya baridi." Hakusema kwa ubaya. Alimwelekeza vizuri kabisa, kisha kidirisha kikafungwa.

Mama alirudi. "Nyumba nzuri," alimwambia dalali. "Mwenye nayo apate mtu. Twende."

Njiani nilielewa. Kwao, mgeni akiomba maji hanyimwi hata kama nyumbani kuna ugomvi, na kwa yale maji unajua umefika kwa watu wa namna gani. Alipoolewa akahamia Mwanza, alifanya hivyo hivyo kabla baba hajalipia kiwanja: alipanda hadi kwa jirani akaomba maji. Ndivyo alivyopata rafiki waliyezikiana wazazi.

Nyumba ya pili, huko huko Kisesa, ilikuwa bado inanuka rangi, ikiwa peke yake katikati ya viwanja vya nyasi na mipapai. Mama hakushuka hata kwenye gari. "Hapa nitaomba maji kwa nani? Kwa mipapai?" Kulikuwa na nyingine na nyingine tena. Mahali pamoja alipewa maji kupitia juu ya ukuta, kikombe kikiwa kimefungwa kwenye kamba. Hilo lilimchekesha wiki nzima, lakini alikataa.

Nilianza kuchoka. Mawingu yalikuwa yakijikusanya jioni juu ya ziwa, yakitawanyika usiku, na kaka alikuwa amekwisha omba ruhusa kazini ili aje.

"Mama," nilimwambia, "unanunua nyumba au unanunua jirani?"

"Nyumba ni ya kulala," alijibu. "Mchana nitakuwa wapi?"

Nilikuwa nikimtembelea Jumapili na siku moja moja katikati ya wiki, na nilijua mchana wake ulivyokuwa mrefu.

Nyumba ya Mkolani dalali aliitaja kwa aibu, kama mtu anayetoa sahani yenye ufa. Haikuwa na fensi, ila michongoma. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa. Choo kilikuwa ndani lakini cha kuchuchumaa. Jiko lilikuwa chumba cha peke yake chenye dirisha la mbao. Mbele kulikuwa na baraza fupi inayotazama njia, hatua moja tu kutoka ardhini, na ukisimama mwisho wake uliona ziwa katikati ya mapaa mawili, jembamba kama pindo la khanga.

Mama alilitazama hilo pindo. Kisha akaenda kwa jirani.

Jirani alikuwa mwanamke wa umri wake, Msukuma, anaanika mihogo. "Mwadila," alisalimia, salamu ya mchana ya kwao. Mama akaitika kwa matamshi yake ya Mara, na yule mwanamke akacheka waziwazi.

"Wewe si wa huku!"

"Nimekaa Mwanza toka nikiwa msichana."

"Na ulimi umekataa kuhama? Karibu."

"Naomba maji ya kunywa."

Alileta maji kwenye kikombe kilichowekwa juu ya sahani, na kabla hajampa alimletea kigoda. Mama alikunywa. Dalali alitazama simu moja, akatazama nyingine. Mama na jirani walikuwa wamefika kwenye habari za magoti, kila mmoja akimwonyesha mwenzake lake baya liko upande gani, na dawa gani ya kuchua haisaidii kitu.

"Umekuja kuona ile nyumba?" jirani aliuliza.

"Ndiyo."

"Ni nzuri. Ila mvua ikinyesha kweli, mlango wa nyuma unaingiza maji mpaka jikoni. Aliyekuwepo alikuwa anayachota kwa sufuria."

Dalali aliinuka, akamgeukia jirani. "Mama, sasa hayo yametoka wapi? Wewe nyumba hii inakuhusu nini?"

"Inanihusu, ndoo alikuwa anaazima kwangu."

"Mtaro mdogo tu ule, mtu anachimba siku moja!"

"Basi mwambie, usimfiche. Mtu mzima huyu, utamzamisha jikoni?"

Mama alicheka mpaka maji yakamwagika kwenye sahani. Aliponipa kikombe nikirudishe, alinishika mkono na kunong'ona, ingawa kila mtu alisikia: "Hii."

Nilimwambia juu ya maji ya mlango wa nyuma. Nilimkumbusha choo cha Kisesa alivyokipenda. Alinisikiliza vizuri, kama anavyomsikiliza daktari. "Choo kinanunuliwa dukani," alisema. "Yule ameniambia ubaya wa nyumba kabla sijamjua jina."

Kaka alikuja kwa ruhusa ile ile aliyoomba ili ampeleke mama Dodoma, akaitumia kusimamia fundi. Tuliweka choo cha kukaa, na pembeni yake bomba la chuma la kushikia. Tuliweka swichi karibu na kitanda, kwa sababu niliikumbuka ile ya Kisesa. Mlango wa nyuma ulichimbiwa mtaro hadi kwenye michongoma. Kaka alipiga saruji hadi jioni, akasema, bila kinyongo, kwamba chumba cha Dodoma kitabaki cha likizo.

Siku ya kuhama, watu wa jumuiya walipanga mstari kwenye ngazi za Mabatini, vyombo vikapita mkono kwa mkono mpaka barabarani. Mtungi ulibaki mwisho. Mama aliuondoa mwenyewe juu ya jiwe. Chini yake palikuwa na duara lenye unyevu, laini, lililosuguliwa na udongo wa mtungi miaka yote. Aliweka kiganja pale, akakiacha kwa muda. "Baki salama," aliliambia jiwe, kisha akanipa mkono nimshushe. Katikati ya ngazi alisimama kupumua, na akasema ameshuka kwa mara ya mwisho, sitamshika tena.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha wiki chache baadaye, asubuhi. Niliacha nilichokuwa nikifanya nikakimbilia Mkolani, nikiwaza jiko limejaa maji na mama yuko juu ya kitanda. Nilikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Nilizunguka nyuma: maji yalikuwa yakipita kwenye mtaro bila kelele, na kupitia dirisha la jiko niliona ndani ni pakavu, mtungi umekaa kwenye kona yake juu ya tofali mbili. Nilirudi mbele nikiita. Hakuna aliyeitika. Kwa miaka mingi sikuwa nimewahi kufika kwa mama nikamkosa, na kwa dakika ile sikujua mtu hufanya nini akimkosa mama yake nyumbani.

Kisha nilisikia kicheko upande wa pili wa michongoma.

Walikuwa barazani kwa jirani, wamekaa kwenye vigoda, ungo katikati yao, wanachagua mchele. Miguu ya mama ilikuwa na tope hadi kwenye vifundo. Fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani, mbali naye.

"Shikamoo," nilimsalimia jirani, nikihema.

"Marahaba. Kaa upumue, utakunywa maji?"

Mama aliniangalia kuanzia nywele zilizolowa mpaka viatu.

"Na mvua yote hii. Umekuja na nani?"

"Nimekuja peke yangu, mama."

Alichagua punje, akaitupa nje kwenye mvua.

"Na mimi," alisema, "nimekuja peke yangu."