Supu ya Wakwe wa Kyule

Kyule alipougua saratani ya damu, Kitengela nzima ilihitimu udaktari. Watu wasiojua tofauti ya Panadol na Piriton walikaa kwenye kochi lake, wakanywa chai yake, wakamweleza kinachomuua. Mwaka huo wa 2006 dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa mara mbili, na sasa alikuwa kwenye majaribio ya dawa mpya Nairobi, ile hatua ya kwanza kabisa ya kupima mwili unavumilia kiasi gani.

"Wamekufanya panya," akasema Joram, aliyechonga mawe naye kwenye kwari.

"Panya hupimwa damu kila wiki," akajibu Kyule. "Wewe ulipimwa lini?"

Sharti kuu lilikuwa asitumie dawa nyingine, hata ya miti. Rahisi, kama hujaoa Umasaini. Wakwe zake wa Kajiado walimchinjia mbuzi, na shemeji yake Lemein akachemsha supu na magome ya mti, nyeusi kama oili chafu ya trekta. Mgonjwa akikataa supu ya mbuzi aliyechinjiwa, amewatukana waliochinja. Kyule, mvunja mawe, alivunjwa na kikombe. Akanywa, akaongezwa, akasifu.

Vipimo vilivyofuata vilionyesha ini limeumia.

"Kama ni dawa yetu," akasema Daktari Nyaguthii wa majaribio, "itabidi tuipunguze, kwako na kwa watakaokufuata. Ama kuna kitu kingine umekunywa?"

Kiasi hicho cha dawa ndicho kilichokuwa kimeanza kuushusha ugonjwa. Kikipunguzwa, amekwisha pole pole. Akisema ukweli, anaweza kufukuzwa kwenye majaribio. Lemein, aliyemsindikiza, alikuwa akitazama dari kama mtu anayetafuta popo.

"Nilikunywa supu," akasema Kyule. "Ya magome. Kwa wakwe."

Daktari akasimamisha dawa. Ini likitulia, angemwombea arudishwe, lisipotulia, basi.

Huko nje Lemein alikuwa amevimba kwa hasira. "Umetutaja kama wachawi. Utaomba wazee msamaha, shemeji."

"Nitaomba. Lakini nyinyi ombeni ini litulie kwanza, kwa sababu maiti haiombi msamaha."

Ini likatulia, akarudishiwa dawa, kiasi kile kile. Akabeba blanketi na sukari mpaka Kajiado, akainama mbele ya wazee. Wakamsamehe vizuri sana, wakambariki, halafu wakamshauri kwa upole aachane na hizo dawa za Nairobi, kwa maana ndizo zilizomharibia ini.