Sanduku la Bibi Leonida Mnadani

Siku za kazi Obed alikuwa dereva wa watalii, akishuka na kupanda kreta ya Ngorongoro na Land Rover ya kampuni. Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya na mpiga gitaa pekee wa usharika wao pale Karatu mjini. Mtu wa Machame, nadhifu, shati lake pasi inalisimamisha lenyewe. Vumbi la Karatu halimheshimu mtu, lakini yeye alitembea na kitambaa mfukoni, na kila alipofika mlangoni pa mtu aliinama kwanza akafuta viatu, wenyeji wake wakimsubiri kwa adabu kama wanasubiri sala iishe.

Kilichomshinda kufuta kilikuwa kimoja tu, amplifaya ya kwaya.

Lilikuwa sanduku kubwa la mbao lililovishwa ngozi nyeusi, pembe zimechubuka, mzigo wa watu wawili walioshiba. Ndani lilikuwa na taa za kioo kama za redio za zamani. Ukiliwasha sharti usubiri zipate moto ndipo litoe sauti. Mbele lilikuwa na nobu za kuzungusha, na moja ya hizo ndiyo yenye mambo. Ukiiacha chini, gitaa lililia laini, kila uzi unausikia. Ukiizungusha juu, sauti ilipasuka na kunguruma kama lori lililonasa kwenye tope la Oldeani. Wala haikuwa kasoro. Walioliunda huko Ulaya miaka ya sabini walitaka lingurume, vijana wao wa wakati ule wakipenda hivyo.

Lilitoka shamba la kahawa Oldeani. Fundi mitambo mmoja wa Kizungu, mpenda gitaa la kelele, alipoondoka alimwachia mpishi wake, Joseph Qamara. Qamara hakujua gitaa, na nyumbani kwake hapakuwa hata na waya wa umeme. Alilifunika shuka, akalifukuzia panya miaka yote, na alipougua ugonjwa wa mwisho akamwambia mkewe, Leonida, alitoe sadaka. Bibi Leonida alilileta Karatu juu ya lori la maharage, yeye mwenyewe amelikalia lisidondoke. Likaombewa, likapigiwa vigelegele, likawekwa upande wa kwaya.

Obed hakuwa na neno nalo mpaka kwaya ya Arusha ilipokuja kutembelea. Mpiga gitaa wao alishuka kwenye basi na amplifaya mpya inayong'aa, ameishika kwa mkono mmoja kama mtu aliyetoka kuchota maji. Akalitazama sanduku, akauliza, "Mwalimu, hii ni amplifaya au mna msiba?"

Wageni wakacheka. Mbaya zaidi, soprano zake mwenyewe nazo zikacheka, zimejiziba midomo na vitabu vya nyimbo. Obed akacheka pia, maana angefanya nini, lakini pilau ya wageni haikumpita kooni.

"Wamelicheka sanduku," mkewe Winnie alimwambia nyumbani. "Wewe hawajakucheka."

"Nani alikuwa amesimama kando yake na gitaa?"

"Basi siku nyingine simama mbali. Kula."

Hakula. Juma lile lile akawaendea wazee wa kanisa kuomba amplifaya mpya. Wazee wa kanisa nao si watu wa kutoa fedha kwa sababu ya aibu ya mtu mmoja. Wakamuuliza kasoro yake nini. Akasema limechoka. Wakasema vema, tutakuja tulisikie.

Hapo ndipo Obed alipofanya lile jambo. Kabla wazee hawajaingia, aliishika ile nobu akaizungusha mpaka mwisho wake. Walipokaa akapiga nyuzi zote kwa mkupuo. Njiwa wakatoka darini. Mzee Sylvesta, ambaye pia ndiye aliyekuwa dalali wa minada ya kanisa, akaziba masikio kwa viganja.

"Zima, mwalimu, zima. Huyo ni simba wa kreta umetuletea ndani."

"Ndivyo lilivyo sasa, wazee," akasema Obed, macho yake chini. "Taa zake zimechoka. Halifai tena."

Wakapitisha hapo hapo: sanduku liuzwe siku ya sikukuu ya mavuno, jipya likanunuliwe Arusha. Obed akashukuru. Winnie, aliyekuwa anafagia madhabahuni, alimngojea nje.

"Jumapili si lilikuwa zima?"

"Vitu vya zamani hufa ghafla."

"Hasa vikikutana na wewe," akasema Winnie, akaondoka na fagio lake.

Sasa, mnada wa mavuno ni hivi. Asiye na fedha huleta alichovuna, kuku, maharage ya ngwara, kibuyu cha maziwa, na ibada ikiisha vinauzwa nje ya kanisa. Aliyenunua anaweza kukirudisha kiuzwe tena, au akamtaja mtu yeyote pale akampa, na aliyetajwa hawezi kukataa. Ataitwa mbele apokee mbele ya watu. Kuna jambo jingine ambalo halikuandikwa popote ila kila mtu analijua: mjane mzee akitaja bei, hakuna anayempandia dau.

Obed aliyajua yote hayo. Kichwa chake kilikuwa kwingine. Alikwisha kuongea na Wilibrodi, mwenye banda la video karibu na stendi, anayetaka spika ya kutikisa mabati kwenye filamu za ngumi. Sanduku lingekwenda huko, na Obed asingepita njia hiyo tena.

Siku yenyewe Wilibrodi alikuja, akasimama nyuma kabisa na kofia yake mkononi, mgeni wa kanisa. Kuku wakauzwa, maboga yakauzwa, yai moja likauzwa na kurudishwa mpaka likapasuka. Kisha sanduku likaletwa. Obed aliambiwa aliunganishe kwenye waya wa umeme uliotoka dirishani, ili taa zipate moto, mnunuzi aone kwamba angalau linawaka.

"Nauza simba," akatangaza Mzee Sylvesta. "Hali nyama, anakula umeme. Nani anampeleka nyumbani kwake?"

Wilibrodi akataja bei, bei nzuri. Obed akaanza kupumua.

"Niongeze hapo kidogo," ikasema sauti ya upande wa wanawake.

Bibi Leonida alikuwa amekaa kwenye majani, miguu ameinyoosha, viatu vya plastiki vimejaa tope la Oldeani. Akainuka taratibu, akifungua fundo la kanga. Watu wakamgeukia Wilibrodi. Wilibrodi akavaa kofia yake, maana yake amekubali yaishe.

Bibi akafika mbele akasema bila kipaza sauti, ila palikuwa kimya. "Nimeambiwa limeharibika, na limewaaibisha mbele ya wageni wa Arusha. Sikujua. Kitu chetu kikiharibika kwa watu, aibu ni yetu. Marehemu mume wangu, Baba Angelina, angekuwepo angelifuata mwenyewe." Akampa Mzee Sylvesta fedha zake. "Basi nimelinunua aibu iishe. Na ninampa mwalimu. Si kanisa, yeye mwenyewe. Amelivumilia miaka yote hii, katika uzima na ugonjwa wake. Akiweza kulitibu, apigie wanawe."

Vigelegele vikapanda. "Mwalimu, mwalimu," watu wakaita. Obed alikuwa kando ya sanduku lenyewe. Akapokea mkono wa bibi kwa mikono yake miwili, ameinama, na kile kiganja kigumu kikaendelea kumshika kama cha mzazi.

Pengine yangeishia hapo, akapata siku nyingi za kuona haya peke yake. Lakini mchungaji, mtu wa furaha siku zote, akasema, "Mwalimu, si linawaka? Tupigie wimbo wa shukrani, hata kwa hiyo sauti yake ya simba. Bibi asikie zawadi yake."

Kwaya ikasimama. Gitaa likaletwa. Obed akalivaa, akatazama ile nobu. Ilikuwa bado mwisho, pale pale alipoiacha siku ya wazee. Akipiga hivyo, sanduku la bibi wa watu litanguruma mbele ya usharika mzima, na vijana watacheka. Akiishusha, kila mwenye masikio atajua. Alimtafuta Winnie kwenye mstari wa alto. Winnie alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe.

Obed akaishusha.

Akapiga. Sauti ikatoka laini, imenyooka, inapita juu ya watu kuelekea kwenye mashamba ya ngano. Kwaya ilisahau kuingia. Alipiga ubeti mzima peke yake, akamaliza, akaacha nyuzi zife zenyewe.

"Muujiza," akasema mama mmoja kwa sauti ndogo. "Bwana amemtendea bibi muujiza." Wengine wakaanza kuitikia amina.

Mlango wa kutokea aibuni ulikuwa wazi hivyo, na Obed aliuona. Ilikuwa ni kunyamaza tu. Lakini bibi alikuwa amefunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, anamshukuru Mungu kwa kitu ambacho Mungu hakukifanya.

"Si muujiza," akasema. "Si muujiza, wapendwa. Halikuharibika hata siku moja. Siku ya wazee niliizungusha nobu yake mimi, mpaka mwisho, ili mlikatae."

Mzee Sylvesta, mtu asiyekosa mzaha, akatazama miti.

Bibi akashusha kanga. "Ulifanya makusudi?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwa sababu gani?"

"Walinicheka."

Kulisema mbele ya watu kulikuwa kubaya kuliko kosa lenyewe, jambo dogo namna ile, la mtoto wa shule. Bibi alimtazama kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anayetafuta uso anaoufahamu katikati ya soko.

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe," akasema. "Sanduku ni jambo jingine. Nilimpa mtu aliyelivumilia, na huyo simwoni hapa. Nipandishie kwenye lori."

Hakuna aliyebisha, hata mchungaji. Obed akachomoa waya. Waimbaji wawili wa besi wakasogea kumsaidia, lakini bibi alikwisha kushika upande mmoja, na ikawa Obed na mjane wanabeba, watu wanawapisha, mpaka barabarani kwenye lori la kwenda Oldeani. Ngozi ile ya zamani iliacha doa jeusi kifuani pa shati lake.

"Shika huko chini," akasema bibi. "Usiliburuze."

Waliokuwa juu ya magunia wakasogea. Sanduku likapandishwa, bibi naye akasukumwa juu kwa heshima, akalikalia, akajitanda kanga dhidi ya upepo. Dereva akawasha injini.

"Mwalimu, na wewe unapanda?" mtu akauliza toka juu, hakuwa na habari ya yaliyotokea.

"Hapana," akasema Obed. "Mimi nabaki."

Akabaki hapo kando ya barabara, kwaya yote nyuma yake ikimngojea ageuke.